Sentensi Sitini na Nne za Mwanamvua

Sitaeleza nilivyofika Witoni. Njia ile haina jambo la kumfaa mtu, na wanaoipita huisahau kabla vumbi halijawatoka miguuni. Nitaeleza nilichokikuta kule na nilichokifanya, kwa sababu hicho cha pili kimenikaa moyoni miaka kumi na mmoja sasa, na sijakisema chote kwa mtu yeyote isipokuwa mmoja.

Witoni ni nchi ya nyumba kubwa. Kila nyumba ina jukumu lake: moja inatunza barabara, nyingine inatunza ghala za nafaka, nyingine inashughulikia ndoa na talaka. Lakini hakuna nyumba inayofanya kazi yake kwa mikono yake yenyewe. Inaita watu. Ikitaka shamba lipimwe, inamwita mpimaji kutoka vijiji vya nje ya ukuta. Ikitaka mahindi yasagwe, inamwita msagaji. Hawa huitwa waitwa. Wanaowaita ni watu wa heshima kubwa, na kazi yao yote ni kuandika agizo kisha kungoja.

Utaratibu wao ni huu. Mwitwa akifika kwenye lango la ukuta huwashiwa taa ndogo ya mafuta yenye jina lake, na taa hiyo hubaki kwa msimamizi wa lango muda wote atakaokuwa kazini. Kisha hupelekwa mahali pa kazi, na tangu hapo yeye na nyumba iliyomwita hawaonani. Huwasiliana kwa mabomba matatu ya udongo yaliyopita chini ya ardhi. La kwanza humpelekea maneno ya nyumba. La pili huleta majibu yake. La tatu huleta malalamiko, maana yake chochote anachotaka kusema ambacho si jibu. Maneno ya kule hayapotei hewani kama yetu. Yakiingia kwenye bomba la majibu hukaa humo, kama maji, mpaka mtu wa upande wa pili afungue kizibo na kuyasikiliza.

Kazi ikiisha, mwitwa hurudi langoni na kutaja nambari moja. Sifuri ni heri. Nambari nyingine yoyote, hadi mia mbili hamsini na tano, ni shari ya namna fulani. Aliyemwita lazima aje kuipokea kwa kinywa chake. Asipoipokea, mwitwa haruhusiwi kwenda kwake, na kama amefia kazini haruhusiwi kuzikwa.

Siku niliyofika nilipita kwenye ukumbi ulio kando ya lango, nikaona watu kama thelathini wameegemea ukuta, kimya, macho yao mlangoni. Mmoja ndevu zilikuwa zimemfika kifuani. Niliuliza wana kosa gani. Msimamizi wa lango, mwanamke wa makamo aliyeitwa Bi Somoe, alinijibu huku akipunguza utambi wa taa mojawapo kwamba hawana kosa lolote. Walimaliza kazi zao vizuri, ila waliowaita wamesahau kuja. Nilimwuliza kwa nini asiwapokee yeye. Alisema sheria inamruhusu kumpokea mtu ambaye nyumba iliyomwita imekufa, na hao huwapokea siku hiyohiyo, hata wakiwa mia.

"Lakini hawa nyumba zao zi hai," alisema. "Zinakula na kulala. Siwezi kuwagusa."

Mimi nina hati nzuri ya mkono, na hiyo ndiyo iliyonipatia makazi. Nilipokelewa katika Nyumba ya Mabonde, ambayo kazi yake ni kuwaonya watu wa nyanda za chini mto unapotaka kufurika. Mkuu wake alikuwa Bwana Mwinjuma, mtu mwembamba, mpole, mwenye kikohozi kidogo cha aibu kabla ya kila jambo zito. Aliniomba niwe mwandishi wake, nami nikakubali kwa furaha. Sitaki msomaji amwone kama mtu mbaya. Aliniachia kitanda chake mwenyewe nilipougua homa, akalala mkekani siku nne, na hakuwahi kulitaja jambo hilo tena.

Alikuwa mwangalifu wa maneno kuliko mtu yeyote niliyewahi kumtumikia. Sababu yake aliwahi kunieleza. Zamani, mtangulizi wake aliombwa na mkulima mmoja amwite seremala amtengenezee mlango. Mwandishi akamwuliza jina, na yule mkulima, kwa uhuni wake, akasema anaitwa Mrisho Kisha Choma Ghala la Jirani. Mwandishi akaliandika kama alivyolisikia. Seremala alisoma agizo: nenda kwa Mrisho, kisha choma ghala la jirani. Akaweka mlango vizuri, halafu akafanya la pili, akarudi langoni na kutaja sifuri, na kwa haki yake alikuwa hajakosea. Tangu hapo hakuna neno la mgeni lililoingia kwenye agizo la Nyumba ya Mabonde kabla ya kuoshwa. Tuliligeuzageuza kila jina, tukalifunga ndani ya alama, tukalisoma kinyumenyume. Agizo la mistari sita lilituchukua siku tatu.

Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba uangalifu wao wote uliishia kwenye maneno yanayotoka. Kwa maneno yanayorudi hawakuwa na haraka.

Walikuwa na sheria kwamba kizibo cha bomba la majibu kisifunguliwe kabla mwitwa hajataja nambari yake. Sheria hiyo nayo ilikuwa na chanzo cha haki. Nyumba moja ilimwita mganga, ikasikiliza jibu lake kabla hajamaliza, ikampa mgonjwa nusu ya kwanza ya dawa. Nusu ya pili ilikuwa ya kuondoa sumu ya ile ya kwanza. Baraza likaamua kwamba kumsikiliza mtu kabla hajamaliza ni kumkosea adabu na ni hatari. Kwa hiyo wote walingoja nambari kwanza, ndipo wakasikiliza.

Mvua za mwaka ule zilianza mapema kule milimani, ingawa kwetu jua liliwaka kama kawaida. Bwana Mwinjuma aliandika agizo la kumwita mpima mto. Aliyekuja alikuwa mwanamke wa kijiji cha Kitopeni, huko huko kwenye nyanda za chini, jina lake Mwanamvua. Nilimwona mara moja tu, siku aliyopita langoni kuwashiwa taa. Alikuwa mfupi, amejifunga kanga kiunoni kwa ajili ya safari, na alikuwa akimweleza Bi Somoe habari ndefu ya mbuzi aliyekula uzio wa makuti wa jirani yake. Bi Somoe alikuwa anacheka. Kisha Mwanamvua akapanda kwenda kwenye kibanda cha kupimia, mwendo wa nusu siku juu ya mto.

Mchana wa siku hiyo Bwana Mwinjuma alikuwa ananisomea barua ya baraza niinakili. Bomba la malalamiko halina kizibo. Sauti yake huingia moja kwa moja chumbani. Lakini kando yake kila nyumba ina shimo lisilo na chini, wanaliita Shimo la Kapa, na bomba linaweza kugeuzwa likamwaga maneno humo. Tulikuwa katikati ya sentensi sauti ya mwanamke ilipotoka bombani, tulivu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

"Naomba mnisikilize kabla," ilisema.

Bwana Mwinjuma hakuinua macho. Aliinua kidole tu, akakielekeza shimoni. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilinyoosha mkono nikaligeuza bomba, na maneno yaliyofuata yakaenda shimoni, sikuyasikia.

"Wote huanza hivyo," alisema Bwana Mwinjuma. "Kibanda kinavuja, chakula hakitoshi. Tulikuwa tumefika wapi?"

Nilimsomea tulipofikia. Sikuhisi lolote. Nakumbuka hata kwamba nilifurahi, kwa sababu barua ilikuwa ndefu na nilitaka kuimaliza.

Kupima mto huchukua siku mbili. Siku ya tatu ilipita bila nambari. Siku ya nne Bwana Mwinjuma alianza kukohoa kikohozi chake kabla ya kula. Niliweka sikio kwenye bomba la majibu, nikalisikia limejaa. Lina mlio wake likijaa, mzito, kama mtungi. Nilimwambia kwamba pengine bomba limefika mwisho wa uwezo wake. Alikiri kwamba bomba la nyumba yao huchukua sentensi sitini na nne na si zaidi, lakini akasema wapima mto hawajawahi kuzidi thelathini.

Nilijua jambo jingine. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu wa nchi ile akishaanza sentensi mbele ya bomba, kiapo chake hakimruhusu kusema nyingine wala kuondoka mpaka ile iliyo mdomoni iingie. Nikaunganisha mambo hayo mawili kichwani. Yeye alikuwa anangoja tufungue ili amalize. Sisi tulikuwa tunangoja amalize ili tufungue. Niliona hivyo wazi kabisa, nimekaa kwenye kigoda, mkono wangu hauko hata hatua mbili kutoka kwenye kizibo.

Nilimweleza Bwana Mwinjuma. Alinisikiliza kwa makini, akasema huenda nina hoja, na kwamba hoja kama hiyo ni ya baraza. Mimi ni mgeni, nikajiambia, na mgeni hafungui vizibo vya watu.

Baraza lilikaa siku ya tano na ya sita. Nilihudhuria nikaandika kila kitu, na kumbukumbu ninazo. Hawakujadili kizibo. Walijadili muda ambao nyumba inapaswa kumngoja mwitwa kabla ya kukata tamaa. Kundi moja lilisema siku tatu, jingine siku saba. Mzee mmoja mwenye sauti nzuri alisema kuweka kikomo cha kungoja ni kumtukana anayengojwa, na watu wakapiga makofi. Nilipopewa nafasi nilieleza hoja yangu kuhusu bomba. Walinishukuru. Mwenyekiti alisema baraza linafurahi kila mara kusikia mawazo ya wageni, akaagiza yaingizwe kwenye kumbukumbu, nami mwenyewe nikayaingiza.

Siku ya saba walipeleka Ombi la Kumi na Tano. Hilo ni ombi la upole, linalopelekwa na tarishi, la kumtaka mwitwa afunge kazi yake, akusanye vyombo vyake na kurudi. Tarishi alirudi jioni. Alisema amemkuta Mwanamvua amesimama mdomo kwenye bomba, miguu imemvimba. Alimsomea ombi, naye akaitika kwa kichwa kwamba amelikubali, lakini hakuondoka. Alikuwa bado ana sentensi mdomoni. Kwa mkono mmoja alionyesha kidole.

Mwenyekiti aliuliza alikuwa anaonyesha nini.

"Alikuwa anaonyesha huku," tarishi alisema.

Wajumbe waliamua kwamba anaionyesha nyumba, kwa dharau. Sasa najua alikuwa anaonyesha huku sawasawa, yaani huku tulikokuwa, kwenye kizibo.

Asubuhi ya siku ya nane waliamua kutoa Amri ya Tisa. Amri hiyo hasomewi anayehusika. Inapelekwa kwa msimamizi wa lango, naye huzima taa ya mtu huyo, na mtu huanguka palepale alipo, amekufa. Hapewi nafasi ya kuweka chombo chini. Hoja yao ilikuwa kwamba taa ikizimwa nambari itapatikana, nambari ikipatikana kizibo kitafunguliwa kihalali, na nchi itapata vipimo vyake. Bwana Mwinjuma alishika kalamu, wino ukadondoka mara mbili kabla hajaandika neno. Akanitazama kama mtu anayeomba maji.

Niliiandika mimi. Naitambua hati yangu popote, na ile ilikuwa nzuri kuliko kawaida, kwa sababu niliandika polepole. Yeye akatia sahihi, nami nikatumwa langoni.

Bi Somoe aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma tena. Nyuma yake taa zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, na ya Mwanamvua ilikuwa inawaka bila kutikisika.

"Umemsikiliza?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba sheria hairuhusu.

"Sikukuuliza sheria, kaka. Nimekuuliza wewe."

Nilisema hapana. Aliniachia nafasi. Najua alikuwa ananiachia nafasi kwa sababu hakunyoosha mkono mara moja. Karatasi ilikuwa kwenye meza baina yetu, na ningeweza kuichukua na kurudi nayo, nikafungua kizibo kwa mkono wangu, wakanifukuza nchini, basi. Mimi nilifikiria kitanda alichoniachia Bwana Mwinjuma, yeye akalala mkekani kwa ajili yangu. Nilifikiria kwamba mambo haya yana wenyewe. Nikaisogeza karatasi kidogo upande wake.

Aliifunika taa kwa kiganja. Hakupuliza.

Kizibo kilifunguliwa saa sita mchana mbele ya wajumbe wote, kihalali. Sauti ya Mwanamvua ikatoka, tulivu vilevile, nami nikaandika. Alianza na siku ya kwanza: rangi ya maji, kina chake kwenye nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wajumbe walivumilia sentensi kumi. Kisha mwenyekiti akasema habari za siku ya kwanza zimepitwa na wakati, tuharakishe twende mwisho. Wakaanza kuzungumza wao kwa wao huku mimi nikiandika, mpaka niliposema tumefika sitini. Wakanyamaza. Sentensi ya sitini ilisema maji yamepanda dhiraa nne tangu alfajiri. Ya sitini na tatu ilisema ukingo wa juu umemeguka. Ya sitini na nne ilisema: "Kutoka hapa nauona ukingo wa upande wa Kitopeni, na wanachotakiwa kufanya watu wa kule ni." Hapo bomba lilikuwa limejaa. Yaliyobaki yalikuwa mdomoni mwake, na kilichokuwa mdomoni kilizimwa na taa.

Baragumu la onyo haliwezi kupigwa bila kipimo kamili. Wajumbe walikuwa bado wanabishana kama sentensi isiyokwisha ni kipimo ama si kipimo, wakati maji yalipofika Kitopeni. Yalifika alasiri, jua likiwaka. Walikufa watu kumi na wanne.

Wangekufa wengi zaidi kama si mume wa Mwanamvua, Shomari. Siku ya tano, alipoona mkewe hajarudi, aliwachukua watoto wao wawili akapanda nao kilimani, akapita kila nyumba akiwaambia watu wapande pia. Walimwuliza kama baragumu limelia. Alisema halijalia, ila mkewe hajawahi kukaa kimya siku tatu tangu amwoe. Wengine walimcheka. Wengine walipanda.

Walimshusha Mwanamvua kutoka kwenye kibanda wakamlaza ukumbini kwa Bi Somoe, amefunikwa shuka. Nambari yake ilikuwa tisa, maana aliyezimwa hutajiwa nambari ya amri iliyomzima. Bwana Mwinjuma hakuja kuipokea. Siku ya kwanza alisema anangoja ushauri wa baraza. Siku ya pili baraza lilimshauri angoje tume ya uchunguzi. Kupokea tisa ni kukiri mbele ya nchi kwamba amri ilitoka nyumbani kwako. Shomari alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha ukumbi, watoto wake wamelala mapajani, na hakumwuliza mtu yeyote kitu.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Bwana Mwinjuma. Nilimkuta ameshika nakala ya agizo lake la kumwita Mwanamvua, analisoma. Aliniambia amelipitia mara ishirini na hajaona kosa hata moja. Kila neno lilikuwa safi.

"Nionyeshe nilipokosea," alisema. "Nionyeshe, Bwana Mgeni, nitakubali."

Nilimwambia agizo halina kosa. Nilimwambia pia kwamba mimi ndiye niliyeligeuza bomba la malalamiko, na kwamba siku ya nne nilijua, nikakiacha kizibo. Kwa hiyo asidhani yuko peke yake. Alilia bila sauti, kikohozi kikimkatiza. Kisha akavaa kanzu yake, tukatembea pamoja hadi langoni.

Sheria inataka aliyezimwa asemewe na msimamizi. Bi Somoe alisimama kando ya maiti.

"Tisa," alisema.

"Nimepokea," alisema Bwana Mwinjuma, na akalirudia bila kuulizwa. "Nimepokea."

Walimzika siku hiyo. Bwana Mwinjuma hakurudi kwenye Nyumba ya Mabonde. Aliacha funguo kwa Bi Somoe, akaondoka kwa njia ya mashariki, na sikupata habari zake tena. Kwa kuondoka kwake nyumba ikahesabiwa imekufa, na waitwa wanane waliokuwa wamesimama ukumbini kwa ajili yake miaka yote wakapokelewa na Bi Somoe kabla ya magharibi. Yule mwenye ndevu alikuwa mmoja wao. Alitoka akitembea upande upande, kama mtu aliyeshuka chomboni.

Baraza lilikaa tena. Lilisikitika kwa dhati. Niliwaona wajumbe wakifuta macho. Mwishowe liliamua, kwa kura zote, kwamba mabomba ya nchi nzima yabadilishwe, na kwamba kila bomba jipya litachukua sentensi mia moja ishirini na nane. Sheria ya kizibo haikuguswa. Nilinakili uamuzi huo, nikaomba ruhusa ya kuondoka, nikapewa, pamoja na barua ya sifa.

Kabla sijaondoka nilimtafuta Shomari kule kilimani, alikokuwa anajenga kibanda cha miti. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Nilipofika nilisema machache tu, kwamba mimi ndiye niliyekaa kando ya bomba la malalamiko, na kwamba niliandika Amri ya Tisa kwa mkono wangu.

Aliweka shoka chini. Alikuwa mtu mkubwa, nami nilikuwa tayari kwa lolote.

"Alisema nini kwenye bomba lile?" aliuliza.

"Alisema, naomba mnisikilize kabla. Yaliyofuata sikuyasikia."

"Alijua atakuwa na mengi," alisema. "Alikuwa na mengi kila siku. Hata mimi nilikuwa namwambia afupishe." Akakaa juu ya gogo. "Usiku anaanza kunieleza jambo, mimi naitikia tu, huku nasinzia. Asubuhi ananiuliza alisema nini, siwezi kujibu."

Baadaye aliniuliza yale majibu yaliyoandikwa yako wapi. Nilikuwa na nakala kwenye mkoba wangu. Aliniuliza nani ameyasikia yote, tangu mwanzo. Ilinibidi niseme kwamba hakuna. Wajumbe walisikiliza kumi za kwanza na tano za mwisho, na mimi niliyeziandika zote nilikuwa na shughuli ya kuandika.

"Nisomee," alisema.

Niliketi chini nikasoma. Nilisoma polepole, na ndipo nami niliposikia. Alikuwa ameweka mengi zaidi ya vipimo. Kwenye sentensi ya kumi na tisa alisema kuna kundi la nyumbu limevuka kwenda juu na hajawahi kuwaona wakienda upande huo mwezi huu. Kwenye ya ishirini na saba alisema maji yananukia majani mabichi, maana yake miti ya milimani inang'oka na si udongo tu. Kwenye ya arobaini alisema miguu inamwuma lakini asihurumiwe, ni viatu. Mtu yeyote aliyesikiliza hadi ya ishirini na saba angejua kila kitu, siku tano kabla. Shomari hakunikatiza hata mara moja. Watoto walikuja wakakaa, wakasikiliza, wakaenda kucheza, wakarudi. Jua lilisogea kutoka upande mmoja wa kilima hadi mwingine.

Nilifika ya sitini na nne. Nilisoma: "Kutoka hapa nauona ukingo wa upande wa Kitopeni, na wanachotakiwa kufanya watu wa kule ni."

Shomari alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti. Alingoja.

"Endelea," alisema.

Nilishika karatasi ile, nikaigeuza upande wa pili, ingawa nilijua ni nyeupe.

"Endelea, ndugu yangu. Nasikiliza."